Wattie Imrie na Chupa Zilizovaa Soksi

Mtu akiniambia wiski yake inanukia ngozi ya viatu vipya na maganda ya chungwa, mimi humtazama mikono kwanza, nione kama hajaficha kitu. Nina hoteli hapa Auchterbrae, mji mdogo wa wafugaji na wanywaji wa wiski, tangu mume wangu angali hai, na kazi hii imenifunza kwamba mwenye maneno mengi juu ya glasi yake ana jambo analolikwepa. Kwa hiyo Wattie Imrie nilianza kumshuku kabla ya wenzangu wote, tena si kwa sababu ya maneno mengi. Nilimshuku maneno yalipompungua.

Wattie alikuwa dalali wa mnada wa mifugo. Tangu ujana wake mpaka nywele zilipomwisha alisimama kwenye kile kizimba kinachotazama uwanja wa mnada, nyundo mkononi, akitaja bei kwa kasi ambayo mgeni haambulii hata neno moja. Wakulima wa huku hawapazi sauti wakitaka kununua. Huyu atakuna sikio. Yule atatazama dari kana kwamba anakagua pale linapovuja. Hugh Sandison wa shamba la Cairnhill alinunua ng'ombe kwa kukaza taya tu, na jirani aliyebanana naye bega kwa bega asijue kinachoendelea. Wattie alijua. Hapakuwa na jicho, kidole wala ukope uliompita, na ndiyo maana wakulima walimwogopa kidogo hata walipokutana naye kanisani.

Wiski ilimwingia kupitia kazi hiyo hiyo. Mkulima aliyeuziwa vizuri humpa dalali chupa ya shukrani, na madalali wengi huimaliza kabla ya Jumatatu. Wattie alizipeleka nyumbani akaanza kuzilinganisha. Hii ya bondeni, tamu na laini. Ile ya visiwani, yenye moshi wa kukohoza. Hii ililala kwenye pipa lililowahi kubeba divai, ile pipa lake lilikuwa limechoka. Baadaye akawa ananunua mbili mbili, moja ya kufungua na moja ya kuweka. Marehemu mkewe, Chrissie, alikuwa akija kwangu kulalamika huku anacheka: "Netta, mume wangu chumba cha wageni amewapa chupa. Dada yangu akija atalala juu ya meza." Mapazia ya chumba hicho hayakufunguliwa mchana wala jioni, maana Wattie aliamini kila mpita njia anahesabu lebo zake. Hata fundi wa bomba alikuwa akisindikizwa mpaka chooni na kurudishwa.

Ndiyo mambo ya watu wa hapa. Wengine hufuga njiwa.

Klabu yao ilikuwa ikikutana Jumapili moja ya kila mwezi, baada ya chakula cha mchana, kwenye chumba cha nyuma cha hoteli yangu. Walikuwa wanne: Dod Lawrie, daktari wa mifugo, ndiye kijana wao ingawa kipara kilishaanza, Effie Mutch, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na bado anazungumza na watu wazima kama wamechelewa gwaride, Sandison, na Wattie, mkubwa wao. Kwa zamu, mmoja alileta chupa iliyovikwa soksi ndefu ya sufu mpaka shingoni, lebo isionekane. Mimi ndiye niliyefungua na kumimina. Wananusa, wanaonja, wanatia matone ya maji, wanaonja tena, kisha kila mmoja, isipokuwa aliyeileta, anataja kiwanda na umri wa wiski, akianza mdogo wao na kumaliza mkubwa. Soksi inavuliwa. Aliyekosea zaidi ya wote anaibeba soksi nyumbani kuifua, na Wattie zamani alizifua mara nyingi tu, kwa moyo mkunjufu, akizirudisha zimekunjwa kama za mtoto wa shule.

Kisha ikaja ile homa kubwa iliyotufungia majumbani. Wattie aliugua vibaya, akapona, na klabu ilipoanza tena akawa mtu mwingine. Hakukosea tena. Mwezi baada ya mwezi, Dod anasema hivi, Effie anasema vile, Sandison anakoroma neno lake moja, halafu Wattie anafuta midomo na kutaja jibu sahihi, au lililokaribia kabisa. Hakusema tena habari za asali wala mbao. Jina na umri, basi. Na zamu yake ilipofika alileta chupa zile alizoapa hatazifungua, zile za kuweka, nzuri mpaka Dod alipiga mluzi. Yeye mwenyewe aligusisha tu midomo, akainama mbele, viwiko mezani, akatukodolea macho kama anatudai.

"Netta," Sandison aliniambia alasiri moja wenzake walipokuwa wakivaa makoti, "vizibo unafungulia wapi?"

"Jikoni. Ulitaka nifungulie kanisani?"

"Vizibo vingine vina jina la kiwanda."

"Ehee?"

"Nauliza tu."

"Huulizi, Sandison. Unanituhumu ndani ya nyumba yangu, na biskuti yangu bado iko mdomoni mwako. Imeze kwanza, halafu useme."

Akaimeza. "Mtu hawezi kuamka kitandani mwa wagonjwa akawa na pua kuliko sisi wote. Kuna anayemnong'oneza."

Nilimfungulia mlango akatoka, lakini hasira ilibaki nami. Katika mji mdogo, hoteli ikishasemwa kwamba si ya kuaminika, hata supu yako watu wataichungulia chini kwanza. Tangu siku hiyo nikawa namchunguza Wattie kuliko Sandison alivyomchunguza, maana jina langu lilikuwa limeshikwa pabaya.

Jumapili ya klabu ya mwezi uliofuata, Wattie alikuja na mbwa wake. Huyo mbwa alikuwa amegaagaa juu ya samaki aliyeoza kando ya mto, na alipoingia chumbani Effie alitoa kilio.

"Mtoe! Wattie, jamani, mtoe!"

"Kafanya nini?" Wattie aliuliza, akimpapasa mbwa kichwani.

Dod alikuwa ameshafungua dirisha. Sandison alijiziba kwa kofia. Wattie akatuangalia mmoja mmoja, na ndipo naye akapeleka vidole puani, akakunja uso, akasema, "Loo, kweli, huyu ananuka." Nilisimama pale na trei yangu. Nikajiambia, mtu huyu anaigiza. Lakini anaigiza nini, na kwa faida ipi, sikung'amua, na mtu anayeigiza bila sababu yake kujulikana ndiye wa kuogopwa.

Sandison ndiye aliyepanga mtego. Alikuja jikoni kwangu na Effie na Dod, akaweka mezani chupa ya wiski ya kituo cha mafuta, ile ya kuchanganyia soda.

"Hii tunaivika soksi," alisema. "Tukiionja, kila mtu afanye uso wa Krismasi. Kama Wattie anaonja kweli, atasema ni takataka. Kama Netta hajamwambia kitu—"

"Malizia hiyo sentensi," nikasema, "uone sufuria inavyopaa."

"Kama Netta hajamwambia kitu, na yeye akaisifu, basi ni tapeli. Na tapeli hakai na sisi."

"Mimi sipendi," Effie alisema. "Haya ni mambo ya watoto wa darasa la tatu."

"Basi fanya uso wa darasa la tatu."

Dod alicheka. Mimi nilikubali, kwa sababu nilitaka jina langu lisafishwe, na kwa sababu nilitaka kujua.

Basi Jumapili yao ilipofika nikamimina. Wattie alikuwa amevaa ile sweta yake ya kijani iliyotoboka kiwiko. Dod akanusa, akaonja, akatikisa kichwa: "Aisee. Jamani. Hii imetoka wapi hii?" Akataja kiwanda kikubwa, miaka mingi. Effie alifumba macho akavuta pumzi ndefu, akasema hana la kuongeza. Sandison alikaza taya, akakoroma, "Nzuri mno."

Wattie akanusa. Akaonja. Akaipeleka glasi kwenye mwanga, akairudisha mezani, akatutazama mmoja mmoja.

"Sandison," akasema, "unamkumbuka yule mtamba mwekundu wa shemeji yako?"

"Mtamba gani tena?"

"Uliyempandishia bei bila nia ya kumnunua, ili shemeji afaidike. Taya lako lilikaza hivyo hivyo. Ukitaka ng'ombe kweli, unakaza taya halafu unameza mate. Siku ile hukumeza. Na leo hujameza."

Sandison akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Dod, wewe hujawahi kusifu wiski kabla ya kuitia maji, hata siku moja. Na Effie, mama, kitu kizuri kikikupata hufumbi macho. Unatazama dirishani kama umeitwa." Akaisukuma glasi katikati ya meza. "Humo ndani sijui mna nini. Lakini najua mmekula njama."

Dod alijifanya anatafuta leso.

"Kwa hiyo," Sandison akasema taratibu, "wewe ulikuwa unatuonja sisi. Si wiski."

"Ndiyo."

"Miezi yote hii?"

"Pua ilikufa na ile homa," Wattie alisema. "Daktari alisema itarudi. Haikurudi. Kahawa ni maji ya moto. Nyama ni mpira. Wiski naisikia inachoma, basi. Nikawa nawaacha mseme, nasoma nani anajiamini na nani anabahatisha, nafuata anayejiamini. Ni mnada tu."

Effie alikuwa na machozi, na sauti yake ikawa kali kwa sababu hiyo. "Kwa nini hukusema, mwanaume wewe?"

"Mngeniambia pole. Halafu mngeniambia, njoo tu, mzee, ukae. Mzee wa kuja kukaa! Netta anao hao, anawapanga karibu na moto na blanketi magotini. Chrissie hayupo. Mnada nimestaafu. Hapa ndipo pekee ninapoulizwa neno na watu wakasubiri nijibu."

"Na zile chupa zako?" Dod akauliza. "Kwa nini uzifungue sasa, wakati hu—" Akashindwa kumalizia.

"Nilizinunua zingoje siku yake. Siku yake imefika na mimi sina pua. Nikasema walau nijue kama nilinunua vizuri. Nikawapa ninyi, nikawaangalia. Ile ya visiwani ya mwezi wa tatu, ulipoionja, Dod, masikio yako yalisogea. Nilifurahi wiki nzima."

Mimi nilitaka kulia na nilitaka kumpiga na trei, vyote kwa pamoja. Miezi yote hiyo nimenyooshewa kidole kwa ajili yake, naye ameketi pale anatusoma kama gazeti. Na Sandison, badala ya kunyamaza, akasimama akavaa kofia.

"Ametudanganya," alisema, bila kumtazama mtu. "Tumekaa tukimshangilia. Kanuni ni kwamba unasema ulichokionja. Mwezi ujao tupige kura abaki au aondoke, mbivu na mbichi zijulikane." Akatoka. Kilichomuuma si kanuni. Alikuwa amesomwa, na mtu aliyemnunua yule mtamba mwekundu alikuwa bado hajajua kwamba alipandishiwa bei.

Mwezi ule ulikuwa mbaya. Wattie hakuonekana hata dukani. Effie alisema atapiga kura abaki, Dod alisema anafikiria, na kwa desturi yao kura moja ya kukataa inatosha kumtoa mtu. Sandison nilikutana naye mlangoni mwa kanisa nikampa za uso, naye akanijibu kwamba mwenye hoteli hana kura. Nilianza kumshuku hata Effie, kwamba mdomoni ni huruma na moyoni anaona aibu kwamba alisomwa.

Jumapili yenyewe Wattie aliingia amevaa tai. Hakuketi. Aliweka mezani chupa isiyo na soksi, na Dod akasoma lebo akashika mdomo. Ilikuwa Balnamoine. Kiwanda hicho kilifungwa zamani na kubomolewa, na palipokuwa na mapipa sasa watu wanaegesha magari. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba Wattie anayo.

"Ilitiwa pipani mwaka niliomuoa Chrissie," alisema. "Kura msisumbuke nayo. Nitaondoka mwenyewe. Ila niliiweka hii kuliko zote, na sitaki kufa bila kujua ikoje. Nawaomba muionje mniambie. Sandison aanze. Yeye ana pua kuliko ninyi, na mimi hanipendi kwa sasa, kwa hiyo hatanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Sandison akaitikia kwa kichwa.

Niliipeleka kwenye meza ya pembeni kuifungua. Kizibo kilikatika kwa kuguswa tu, kikasagika kama mkate mkavu, vipande vikaangukia ndani. Harufu ikanipanda: kadibodi iliyolowa, vumbi la stoo, kitu kama maji ya chombo ambamo maua yamefia.

"Wattie," nikasema, "ulikuwa ukiiweka wapi?"

"Kwenye sanduku la mablanketi, nimeilaza chini kabisa. Mwizi hutazama rafu. Nani atafukua mablanketi? Hata mimi sijaigusa tangu niiweke."

Sikugeuka, lakini nilimsikia Dod akivuta pumzi. Divai ndiyo hulazwa. Wiski husimamishwa wima, la sivyo pombe inakaa juu ya kizibo mwaka baada ya mwaka mpaka inakila, na kizibo nacho kinaiharibu. Hapa Auchterbrae hilo hatufundishwi, tunalikuta nyumbani. Wattie mwenyewe aliwahi kunifokea mbele ya wageni kwa kulaza chupa moja kwenye kabati. Zile zote za chumba cha wageni alizisimamisha kama askari. Hii moja, aliyoipenda kuliko zote, alihofia wezi wasiokuwepo mpaka akasahau alichokuwa akikijua vizuri kuliko mtu yeyote mjini.

Niliichuja kwa kichujio cha chai, nikimpa Wattie mgongo muda wote, maana niliujua uso wangu ulivyo. Ningeweza kusema. Nilikuwa na neno mdomoni. Badala yake niliweka glasi mbele yao na kubaki nyuma ya Wattie asinione.

Sandison akanusa. Nilimwona anafika pale, kwenye ile kadibodi. Akasita kidogo tu. Akaonja, akaishikilia kinywani muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, akameza.

"Asali," akasema.

Effie aligeuka akamtazama.

"Si asali ya dukani," Sandison akaendelea. Mtu huyu kwa miaka yote sijawahi kumsikia akisema maneno matatu yaliyofuatana kuhusu wiski. "Asali ya mlimani, nyuki wanapokula yale maua ya zambarau mwezi wa nane. Kisha inakuja... inakuja chungwa. Lililochomwa kidogo. Na mbao, mbao safi, fundi akipiga randa." Jasho lilimtoka kwenye paji. "Na moshi kwa mbali. Kama mtu anapika nyumba ya tatu kutoka kwako. Ni laini. Haina haraka. Ulinunua vizuri, mzee. Ulinunua vizuri sana."

Wattie hakuwa ameigusa glasi yake. Alisimama ameshika mgongo wa kiti, akimwangalia Sandison usoni kama alivyomwangalia miaka yote kutoka kizimbani, na nikaona mabega yake yakishuka. Alijua. Alijua kwamba chupa imekufa, na alijua kwamba Sandison, ambaye hajawahi kumdanganya mtu kwa upole tangu azaliwe, alikuwa anamdanganya kwa nguvu zake zote.

"Na ukishameza?" Wattie akauliza. Sauti ilikuwa chini. "Inabaki nini?"

Sandison aliinua glasi akanywa iliyosalia, yote.

"Bado ipo," akasema. "Keti, mzee, nikueleze. Ni habari ndefu."

Wattie akavuta kiti akaketi. Akakaa karibu naye kabisa, viwiko mezani. "Eleza," akasema, na machozi yalikuwa yakimtoka wala hakuyafuta. "Usiruke kitu, muongo wewe. Eleza yote."

Sandison akaanza upya kutoka kwenye asali. Effie akasukuma glasi yake kwangu bila neno, Dod naye, na nikawamiminia tena kile kitu kibovu. Mimi kazini sinywi. Nilichukua glasi, nikajimiminia, nikazunguka kutoka nyuma ya kile kiti, nikasimama mbele ya Wattie pale mwanga ulipokuwa mzuri, nikainywa, nikamwacha aniangalie usoni.